Mlevi anahitaji sitara kabla ya mawaidha

Kuna methali ambayo kila mtoto wa Pwani huisikia kabla hajajua kufunga kamba za viatu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kuna fundisho jingine ambalo mtoto huyo huyo hulipata chuoni kwa mwalimu wake, kwamba mwenye kumsitiri mwenzake, naye Mola atamsitiri. Mambo haya mawili huishi pamoja bila taabu maadamu maradhi yenyewe ni malaria au kisukari. Yakiwa maradhi ni ulevi, hugombana. Na katika mji kama Vanga, ugomvi huo huweza kumuua mtu.

Msomaji asiyeifahamu Vanga na aitafute mwisho kabisa wa ramani ya Pwani ya Kenya, pale ambapo nchi yetu inaishia na Tanzania inaanzia. Barabara kuu itokayo Likoni hupita Ukunda na Msambweni hadi Lungalunga, penye forodha. Vanga iko upande wa baharini, nyuma ya mikoko, karibu na mto Umba. Ni mji wa wavuvi, wa Wavumba na Wadigo na Wasegeju. Mji wa misikiti. Mji ambao watu hujuana hata kwa kikohozi. Mtu akipita njiani usiku wa manane, aliyelala ndani humtambua kwa mwendo wake, na mwendo ukiwa wa kupepesuka, kufikia alfajiri habari imekwisha kuzunguka mitaa yote.

Katika mji huo nina ndugu. Awe ni ndugu wa tumbo moja, wa ukoo, au wa kukua pamoja mtaa mmoja, hilo nitaliacha hapo, kwa maana lugha yetu imetupa neno pana nami nakusudia kujificha ndani yake. Yeye mwenyewe ameyasoma haya kabla hayajamfikia mhariri. Amefuta sentensi mbili, na nyingine ameniachia.

Alianza kwa mnazi, kama walivyoanza wengi. Mtu wa bara huenda akadhani kwamba katika mji wa Kiislamu pombe haipatikani. Inapatikana, ila haitajwi. Hutoki mbali kuelekea bara, kwenye minazi ya Wadigo na Waduruma, utafika mangweni, na huko mgema hupanda asubuhi na jioni na kotama yake, akaukata ule mkarara, akaacha utomvu udondoke kibuyuni. Ukishuka mtini ni mtamu kama sharubati. Lakini chachu haingoji. Jua likipanda, umekwisha kukaribia bia kwa ukali, na ukilala siku moja au mbili hugeuka siki. Kwa hiyo mnazi ni kinywaji kisichowekeka. Hunywewa siku ile ile, hunywewa wote, na hunywewa kwa pamoja. Nadhani hapo ndipo ulipo mtego wake kwa kijana wa mji wa kimya kama ule: haendi kutafuta kileo tu, huenda kutafuta kikao ambacho hakuna amwulizaye ni mtoto wa nani.

Baada ya mnazi zikaja chupa ndogo. Halafu viroba vilivyokuwa vikivuka mpaka, hadi Tanzania ilipovipiga marufuku mnamo Machi 2017. Halafu chochote.

Hata hivyo ndugu yangu alikuwa na hoja moja ambayo sisi wote wa nyumbani tuliiamini kwa miaka mingi. Hoja hiyo ilikuwa ni Ramadhani. Kila mwaka, mwezi ukiandama, aliacha. Alifunga, akasimama tarawehe, akarudi kunawiri uso, na mama zetu wakafurahi. Sikukuu ya Idi alishinda vizuri; siku ya pili yake akapotea. “Mtu awezaye kuacha siku thelathini,” akituambia, “hawezi kuitwa mlevi.” Nasi tukakubali, kwa kuwa jambo hilo lilitupunguzia kazi. Hatukujiuliza kwa nini kila mwaka, katika juma la mwisho la Shaabani, alikuwa anakonda kwa hofu.

Mwaka ambao hoja hiyo ilivunjika, aliacha usiku wa kwanza wa mfungo kama desturi yake. Siku ya pili mikono ilianza kutetemeka hata akashindwa kushika tende. Usiku wake alipatwa na mshtuko kama wa kifafa, akauma ulimi. Siku ya tatu alianza kuweweseka, akasema kuna watu juu ya dari. Tulisoma dua. Mmoja wetu alipendekeza aitwe mganga. Kabla ya kupambazuka, mtu ambaye sitamtaja, ambaye hakupata kuonja pombe maishani mwake, alitoka na kurudi na chupa akamzimua. Alitulia. Mwezi ule hakufunga tena.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana hili ndilo jambo ambalo lingetusaidia kama tungelijua. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu ukinyimwa ghafla, huasi. Mtetemeko na jasho huanza saa chache baada ya tone la mwisho. Mishtuko ya kifafa hutokea zaidi katika siku mbili za mwanzo. Na kuweweseka kule, ambako ndiko kubaya zaidi, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Kuna watu hufa humo. Kwa hiyo mlevi sugu hapaswi kuachishwa kwa kufungiwa chumbani, wala kwa kuapishwa. Apelekwe hospitali, ambako atapewa dawa ya kuutuliza mwili na kuipunguza siku kwa siku, pamoja na vitamini ya B1 ambayo pombe humnyang'anya mnywaji na ambayo ikikosekana kabisa huharibu ubongo. Ni tiba ya siku chache, wala si ya gharama ya kutisha. Sisi tulidhani tunashindana na shetani, kumbe tulikuwa tunashindana na neva.

Tulipofahamu hivyo tulikwenda zahanati moja, ambayo sitaitaja wala kuisogeza karibu na jina lake. Foleni ilikuwa ndefu. Karani alichukua kadi, akaisoma, akainua kichwa na kuuliza kwa sauti ya muuza samaki: “Nani hapa amekuja kwa pombe?” Benchi zima liligeuka. Miongoni mwa waliogeuka alikuwamo mke wa mwalimu wa madrasa. Ndugu yangu aliinuka, akatoka nje kama mtu anayekwenda kupokea simu, na tukaja kumpata siku mbili baadaye mangweni. Simlaumu karani sana. Hakuna aliyemfundisha kwamba maradhi hayo yana aibu inayoua. Lakini swali lake lilitugharimu miezi minane.

Siandiki haya kama mtu wa takwimu, ila moja au mbili si vibaya kuzitaja. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya mmoja katika kila wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia pombe, na kwamba mmoja katika kila ishirini amefikia uraibu. Shirika la Afya Duniani nalo lilihesabu vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019 vilivyotokana na pombe. Vile vifo vinavyopata kurasa za mbele, kama vya Mukuru kwa Njenga mwezi Novemba 2000, ambako zaidi ya watu 130 waliangamizwa na pombe yenye sumu, ni sehemu ndogo. Walio wengi hufa polepole, vyumbani mwao, na kwenye matanga husemwa kwamba marehemu alikuwa na matatizo ya ini.

Basi jamaa wa mtu kama huyo aanzie wapi? Mimi nilianzia kwa simu. NACADA wana namba 1192, ambayo haitozwi pesa, na anayepokea ni mshauri. Aidha, katika hospitali kubwa, kama ile ya Msambweni kwa watu wa kusini, mtu aweza kuuliza daktari faraghani, bila kadi kupita madirishani. Nilichojifunza katika kuulizauliza ni kwamba huduma nyingi za uraibu zilizozuka Pwani katika miaka hii zimeelekezwa kwenye heroini, kwa sababu zinazoeleweka. Mlevi wa mnazi huonekana si mgonjwa hasa. Yeye ni mzaha wa kijiji. Isitoshe, siku za hospitali zikiisha, mtu hurudi nyumbani akiwa mzima, na swali huwa palepale: jioni atakaa na nani?

Ni mshauri mmoja aliyenipa jibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelekeza duka la vipuri. Alisema, kuna watu hukutana. Hawatibu, hawatozi, hawaandiki majina. Ni walevi walioacha, nao hukaa pamoja saa moja na kuzungumza. Wanaitwa Alcoholics Anonymous, ambayo kwa Kiswahili chetu ingekuwa walevi wasiojitaja. Wa karibu walikuwa Mombasa.

Habari ya watu hao inafaa kusimuliwa, kwa sababu ilianza kwa mtu aliyekuwa anatafuta, kama tulivyokuwa tunatafuta sisi. Mwezi Mei 1935 dalali wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imekufa. Alikuwa na miezi michache tu tangu kuacha pombe, na kutoka mle ukumbini alisikia vicheko vya baa. Alijua akiingia amekwisha. Akaiendea simu, akaanza kupiga kwa viongozi wa makanisa walioorodheshwa pale hotelini. Hakuwaomba wamwombee. Aliwaomba wampatie mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Alipelekwa hatimaye kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumwona kwa robo saa tu, kwa shingo upande. Walizungumza kwa saa nyingi. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na tarehe hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwa chama chao. Kitabu chao kilitoka 1939, kikiwa na zile hatua 12. Mwaka 1951 wake wa walevi, wakiongozwa na Lois, mke wa Wilson, wakaanzisha chao cha jamaa wa wanywaji, kiitwacho Al-Anon.

Nililolipenda katika kisa hiki ni kwamba Wilson hakumfuata daktari ili amtibu, bali alimfuata kwa kuwa naye ni mlevi. Haja ilikuwa ya wote wawili.

Ndugu yangu hakutaka kwenda. Alisema Mombasa ni mbali, na kweli ni mbali. Kutoka Vanga unapanda hadi Lungalunga, kisha kilomita kama 100 hadi Likoni, kisha feri. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inameza mapato ya siku mbili za bahari mbaya. Nikamwambia umbali ndio uzuri wake: huko hakuna mke wa mwalimu. Alicheka, na kwa kucheko hicho nikajua atakwenda.

Mikutano yao ni ya aina mbili: ile ya walevi peke yao, na ile iliyo wazi, ambayo jamaa huruhusiwa kuketi na kusikiliza. Tulikwenda ya pili. Sitataja jengo wala mtaa. Mle ndani pana sharti moja linalosemwa mwanzo na kurudiwa mwisho, kwamba aliyemwona mtu pale hakumwona, na alilolisikia pale liachwe pale. Nami nimekwisha kula riziki ya uandishi miaka mingi, na sharti hilo lilinibana kuliko sheria yoyote ya magazeti, ila nitalishika. Nitaeleza chumba tu, na yaliyotufika sisi wawili.

Chumba kilikuwa kidogo. Viti vya plastiki vilipangwa duara, hapakuwa na meza ya wakubwa. Palikuwa na chupa ya chai na sahani ya mahamri. Hakuna aliyetuandika. Anayeongoza siku hiyo huongoza siku hiyo tu. Alisoma karatasi fupi, kisha mmoja mmoja wakazungumza, kila mtu akianza kwa jina lake la kwanza na maneno matatu: mimi ni mlevi. Ndugu yangu alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Kwetu neno mlevi ni tusi. Ni neno ambalo watoto humfuata nalo mtu njiani. Wasomi wetu siku hizi wanasema mraibu, na ni neno zuri, ingawa wazee waliotumia neno uraibu kwa tambuu na tumbaku, vitu vya kuchangamsha baraza, wangeshangaa kuona limefika wapi. Lakini pale hawakutaka neno la adabu. Walilichukua lile lile la kutukaniwa wakajitaja nalo wenyewe, kwa sauti tulivu, na likawa halina meno tena.

Mtu akizungumza hajibiwi. Hilo lilinishangaza zaidi ya yote. Sisi tumezoea kwamba mtu akisema shida yake, mara wanainuka watatu na mawaidha. Pale alisema, akanyamaza, wakamshukuru, akafuata mwingine. Niliketi na ulimi unaniwasha. Kila mmoja nilikuwa na la kumwambia, na ilinichukua karibu nusu saa kutambua kwamba la kuwaambia sikuwa nalo.

Kisha ikapitishwa chai. Mtu aliyeketi kando ya ndugu yangu, ambaye hawakuwa wamesemezana hata neno, alichukua kikombe, akakitia chai nusu, akampa. Cha kwangu akakijaza. Nilidhani ni upungufu wa chai. Ndugu yangu alikishika kikombe kwa mikono miwili, kikatetemeka, na hakikumwagika hata tone. Hapo nikaelewa. Kwa miaka mingi nyumbani tumekuwa tukimjazia kikombe, kwa heshima, hadi ukingoni. Naye, kwa miaka mingi, amekuwa akisema hana haja ya chai. Tulidhani pombe imemwondolea ladha. Mtu yule asiyemjua alijua kwa kuwa aliwahi kuumwagia yeye mwenyewe.

Kikapu kilipita cha senti za kodi ya chumba na chai. Wageni waliambiwa wasitoe. Hawapokei fedha za mtu wa nje, wala za serikali, wala za mfadhili. Ni kanuni yao. Saa moja ilikwisha, tukatoka. Ndugu yangu hakuwa amesema chochote. Kwenye feri alisema, “Yule wa tatu, ungedhani nilimsimulia mimi.” Juma la pili alitaja jina lake. Juma la nne alikwenda bila mimi, akaniambia nisisumbuke.

Nilipoanza kulizungumza jambo hili kwa watu wa dini, niliulizwa swali ambalo nililitarajia: je, hayo si mambo ya kanisa? Swali ni halali. Chama kile kilichipuka katika mazingira ya Kikristo, na katika hatua zake Mungu ametajwa. Lakini kimeandikwa Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu, na sharti la kuingia ni moja tu, mtu atake kuacha kunywa. Ndugu yetu wa Iran wanafuata hatua hizo hizo katika chama cha waraibu wa dawa za kulevya, na mikutano yao imekuwa miongoni mwa mingi zaidi duniani. Karibu yetu zaidi, Unguja, tangu mwaka 2009 zimeanzishwa nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba hausi, zinazoendeshwa na waliokuwa waraibu wenyewe. Huko hatua 12 huzungumzwa kwa Kiswahili na watu husimama kuswali adhana ikilia. Aidha, mwanachuoni mmoja niliyemfikishia alinikumbusha jambo ambalo sikulifikiria. Ulevi katika Uislamu haukukatazwa kwa siku moja. Katika Surat al-Baqara zilitajwa hasara zake kuwa kubwa kuliko manufaa. Katika an-Nisaa waumini wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Ndipo katika al-Maida ikaja marufuku kamili. “Mola aliwajua viumbe wake,” akasema mzee yule, “nasi tunataka mtu aache kati ya magharibi na isha.”

Je, mikutano inafaa? Kwa wengine haifai, na ni uongo kusema vinginevyo. Wapo waliokwenda mara moja hawakurudi, na wapo wanaosaidiwa zaidi na dawa au na mshauri wa faragha. Lakini mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba wanaoelekezwa kwenye mikutano hiyo kwa utaratibu mzuri huacha kabisa kwa wingi zaidi kuliko wanaopewa tiba nyingine za mazungumzo. Hilo si dogo kwa kitu kisicho na daktari, jengo wala bajeti.

Sasa turudi Vanga, maana ndiko alikorudi yeye. Miezi minne ya nauli ilimshinda. Bahari ilichafuka kwa kusi, mapato yakapungua, na safari mbili kwa mwezi zikawa moja. Katika pengo hilo alianguka. Siku tatu. Naandika hili kwa idhini yake, na hili ndilo aliloniamuru nisilifute. Alipoinuka hakwenda kwa imamu wala hakuja kwangu. Alimpigia mtu wa kikombe. Siku hizi, tangu yale maradhi ya 2020 yalipofunga milango ya dunia, baadhi ya mikutano hufanyika kwa simu, na kwa muda alijaribu njia hiyo. Lakini simu katika nyumba ya Vanga ni kama kipaza sauti cha msikiti. Nyumba zimeegemeana, ukitaja ulevi wako ukutani mwako, jirani ameusikia.

Ndipo nilipoona kwamba kinachokosekana mji ule si wema wala dini. Ni chumba. Chumba kisicho barazani, chenye mlango ambao mtu anaweza kuuingia bila kuulizwa anaingilia nini. Wenyewe wanasema walevi wawili wakikutana kwa nia ya kuacha, tayari hao ni kikundi. Hawahitaji ruhusa ya chifu, hawahitaji mgeni rasmi kuja kukata utepe. Tafadhali, wakubwa wetu, msije na utepe.

Serikali inayo kazi yake nyingine. Kwa Katiba ya 2010 leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti, na kila mwaka ada zake hukusanywa. Sioni dhambi kuiomba Kwale itenge sehemu ya fedha hizo kwa vitanda vichache vya kuwapokea watu wanaoacha, na kwa mshauri mmoja wa kuizungukia kusini yote hadi mpakani, na kwa kuwafundisha makarani wasiulize maswali kwa sauti. Msako wa mangwe tunaoufanya kila baada ya miezi kadhaa haujamwachisha mtu. Mgema hukamatwa, hulipa faini, hurudi mtini, kwa maana naye ana watoto shuleni.

Nao wazee wa mji nawaomba jambo ambalo huenda likaonekana kuwa dogo. Mawaidha ya Ijumaa kuhusu pombe tumeyasikia, na walevi wameyasikia kutuzidi, kwa kuwa wao hukaa nyuma kabisa wakidhani wote wanawatazama. Mtu mmoja mwenye chumba cha uani na akiazime saa moja kwa juma, asiulize nani aliingia. Na wanawake wasisahauliwe. Wapo wake wanaoficha funguo, wanaolipa madeni mangweni kwa pesa za vitumbua, na wapo pia wanawake wanywao, ambao siri yao ni nzito maradufu. Hao hawataketi katika duara la wanaume wa mtaa wao, na chumba chao ni kingine.

Mwenye chumba amekwisha kupatikana. Jina lake sinalo, na hata ningekuwa nalo nisingeliandika. Ndugu yangu ameketi humo majuma sita, kila juma saa moja. Matatu ya kwanza alikuwa peke yake na chupa ya chai. Juma la nne alikuja mtu, akasimama mlangoni, akauliza kama hapo ndipo wanapouza nyavu. Akaambiwa sipo, lakini chai ipo. Hakuingia. Juma la sita alikuja tena, na safari hii hakuuliza nyavu.

Siku na mahali nimekatazwa kuvitaja. Msomaji wa Vanga, Jimbo, Majoreni au Lungalunga anayetaka kujua na aniandikie kupitia kwa mhariri. Barua nitaifungua mwenyewe, na si lazima kutia jina.